Gauni la Shwari

3 Februari

Mume wangu, nuru ya macho yangu,

Shuleni tulifundishwa kwamba barua huanza kwa kuulizana afya. Basi: mimi mzima, mtoto mzima, cherehani nzima. Nimemaliza. Sasa niache nikuambie kwamba nimekukumbuka mpaka najionea aibu mwenyewe. Shati lako la kazi, lile lililochanika kwapani, nimelitundika kwenye kiti mbele ya cherehani, na kila mteja anayeingia namwambia nalishona. Nililimaliza siku ile ile uliyoondoka. Wateja wameshajua. Jana mke wa mwashi aliniuliza kama kwapa hilo ni la mtu au la tembo.

Nyumba yetu naipenda kama mtu. Chumba cha mbele sasa ni karakana kamili, meza ya kukatia nimeisogeza dirishani, na nikifungua mlango asubuhi vumbi la vitambaa linaruka kwenye jua kama linanisalimia. Chumba cha nyuma nimekipanga kama ulivyokiacha. Uani nako ni kuzuri, kuna kivuli mchana kutwa, kwa sababu ule ukuta mrefu wa nyuma ni mgongo wa vyumba vya kupanga vya mtaa wa pili, na kule juu na chini una matofali ya matundu yanayoleta hewa.

Sasa Chiriku wako. Najua ulimpa jina hilo kwa sababu mdomo haumpumziki, lakini kwangu ni kama mgeni aliyeonywa asiguse kitu. Ananiita mama mdogo kwa sauti ya mtu anayesoma ubaoni. Nikimvuta nimkumbatie, anasimama wima kama kijiti mpaka nimalize. Silalamiki. Ametolewa kwa bibi yake, akaletwa nyumba mpya kwa mwanamke mpya, na baba akapanda lori akaenda kazini. Hata mimi ningesimama wima.

Lakini akiwa uani anaongea, mpenzi. Mashine yangu ikitulia namsikia, anaongea, anacheka, ananyamaza kama anayesikiliza, anacheka tena. Nilipomuuliza yuko na nani, akasema na rafiki yake anayekaa ukutani. Nikamuuliza anaitwa nani.

“Shwari,” akasema. “Kila ukimwambia mambo, anajibu shwari.”

Wewe ndiye unayemjua mtoto wako. Nimwache? Nimkataze? Nakupenda kiasi kwamba naogopa hata kumkemea binti yako, na najua hayo siyo malezi. Nataka siku moja anipende kidogo tu, hata robo ya ninavyokupenda wewe, itatosha kutuvusha sote. Niambie nifanye nini.

Wako wa kufa na kupona,
Mkeo


Kambini, 11 Februari

Mke wangu, Bibi Cherehani,

Dereva wa lori la mafuta, huyu anayetubebea barua, amelalamika kwamba barua yako imelinukisha lori zima manukato, na sasa wenzake hawamwamini. Nimemwambia avumilie. Mtandao huku hakuna. Ukitaka kupiga simu unapanda kilima, na ukifika juu unakuta simu imeshakufa chaji kabla yako.

Mimi niko juu ya greda tangu asubuhi hadi jioni, narudi mwekundu kama tofali. Mpishi wa kambi anatupikia maharage kila siku, kisha anatuuliza leo tunaonaje.

Kuhusu Chiriku, usihangaike. Nilipokuwa na umri wake nilikuwa na kaka asiyeonekana. Aliitwa Bosi. Mama alikuwa akimpakulia uji kwenye kikombe chake, na mimi nilikuwa nikiunywa kwa niaba yake. Nilipoanza darasa la pili Bosi akahama bila kuaga. Sikudhurika, tukiacha kwamba nimeoa mwanamke anayezungumza na shati.

Chiriku hajawahi kuwa na mwenzake. Mama yake alifariki yeye akiwa hata hajatambaa, na kwa bibi hakukuwa na mtoto mwingine. Kama amepata rafiki ukutani, mshukuru ukuta. Usimkataze. Mkaribishe huyo Shwari, muulize anapenda nini, mwekee sahani. Mtoto akiona unampenda rafiki yake atakusogelea mwenyewe.

Shati uliache likae. Lakini usiliwekee sahani.

Mumeo


18 Februari

Mpenzi wangu, mwenye akili zote za nyumba hii,

Nimefanya ulivyosema na sijui nianzie wapi kwa furaha. Jioni niliyopata barua yako nilipakua sahani tatu. Chiriku akanitazama. Nikamwambia ya tatu ni ya Shwari, kama atapenda kula nasi. Laiti ungeuona uso ule. Akasema Shwari haingii ndani kwa sababu ana haya, lakini yeye atampelekea. Akaibeba sahani kwa mikono miwili mpaka nyuma ya pipa la maji, pale penye giza, na akairudisha imekombwa safi. Imekuwa hivyo kila siku. Anakula sehemu mbili mtoto huyu, na wala hanenepi.

Tangu siku hiyo ananifuata. Anakaa chini ya meza ya kukatia na kunisimulia. Amenifundisha wimbo wa kubembeleza mtoto ambao anasema kafundishwa na Shwari, mtamu kweli, na nikamsifu kwa kuutunga. Nimemfundisha na mimi kazi yangu: jinsi ya kuchukua vipimo kwa kigwe, kile kikamba chembamba, kama fundi wangu alivyonifundisha kabla sijaruhusiwa kugusa tepu. Unafunga fundo kwenye bega, fundo kwenye kifua, kwenye kiuno, kwenye urefu. Kila fundo lina kazi yake. Alijifunza haraka, ana vidole vyako.

Sasa sikia. Juzi akaniomba nimshonee Shwari gauni, na liwe sare na lake yeye. Nikamwambia sawa, lakini fundi hashoni bila vipimo. Akachukua kigwe akaenda uani. Mimi nikaendelea na kazi, na mashine ikiwa inakwenda sisikii hata radi. Akarudi na kigwe kina mafundo mahali pake. Nikakilaza mezani nikipanga kucheka, nikashindwa kucheka.

Vilikuwa vipimo vyangu. Kifua changu, kiuno changu, tofauti ya kidole tu kwenye urefu.

Unaelewa, mume wangu? Mtoto kajitungia rafiki, na rafiki huyo ana umbo langu. Mimi hathubutu kunikumbatia, kwa hiyo amemweka ukutani mwingine mwenye kiuno changu, na huyo ndiye anayemwimbia na kumlisha na kucheka naye. Niliketi sakafuni nikalia mpaka nikalowesha kitambaa cha mteja.

Nimekata magauni mawili, dogo na kubwa, kwenye kile kitambaa cha bluu chenye majani meupe ulichoninunulia kwa ajili ya mapazia. Madirisha yatasubiri. Nimeyashona kwa moyo wangu wote, na lile kubwa nimelitilia mkunjo wa kiunoni ninaowatilia maharusi tu. Chiriku alilikunja, akalifunga kwenye mfuko, akaliingiza nyuma ya pipa. Sikwenda kuchungulia. Mtoto akikuamini kwa siri yake huendi kuipekua.

Rudi upesi uone ulivyotutengeneza.

Wako, mwenye furaha isiyo na adabu,
Mkeo


Kambini, 26 Februari

Mke wangu,

Barua yako nimeisomea juu ya greda. Nilizima injini katikati ya barabara, msimamizi akaja mbio akidhani mashine imeharibika. Nikamwambia aliyeharibika ni mimi. Hapo penye kigwe nimeparudia mara nyingi. Sikujua kwamba mtu anaweza kusoma habari za kiuno akajikuta anafuta macho.

Lakini nina swali la mtu wa barabara, usinikasirikie. Sisi kazi yetu huku ni kamba. Tunapigilia kigingi hapa na kigingi kule, tunavuta kamba katikati, ndipo tunajua barabara inapita wapi. Kamba ambayo haikushika kitu haipimi kitu. Sasa Chiriku alizungusha kile kigwe kwenye kiuno gani? Kama ni chako, alikupima lini usijue? Umelala fofofo kiasi hicho?

Nimerudi. Niliiacha barua hapo juu nikaenda kula, na sahani nimeirudisha imejaa.

Sitanii tena. Umesema sahani inarudi imekombwa na mtoto hanenepi. Umesema amefundishwa wimbo. Chiriku hajui kutunga nyimbo, mke wangu, hata zile anazofundishwa hukosea maneno. Bosi wangu hakuwahi kunifundisha kitu ambacho sikukijua mwenyewe.

Ukiisoma hii acha unachokishona. Nenda nyuma ya pipa uangalie kuna nini. Mpaka ujue, mtoto asikae uani peke yake, na mlango wa bati unaotokea uchochoroni usifunguliwe. Pengine ni ujinga wa mtu aliyepigwa na jua. Ikiwa hivyo, nicheke nikirudi, nitakuwa nimestahili.

Lori linaondoka. Namwambia dereva akukabidhi mkononi.

Mumeo


28 Februari

Laazizi,

Naandika hii ikae tayari, nimpe dereva akipita. Leo ni fupi kwa sababu nina magauni ya wahudumu wa hoteli ya kumaliza, nayapeleka Jumamosi asubuhi. Chiriku atabaki na jirani yetu Mama Mapacha, ambaye amesema atamwangalia kupitia uzio wetu, mradi mapacha wake wamruhusu kuangalia kitu kingine chochote duniani.

Chiriku anataka kukuandikia. Nimeandika neno kwa neno kama alivyonitajia, sikuongeza hata nukta:

*Baba shikamoo. Mimi sijambo. Tuna nguo za safari mimi na Shwari. Tutapanda basi kubwa. Kule kuna kitanda changu cha chuma na shuka la maua, mwenyewe hakitumii tena. Shwari amesema usilie baba. Amesema mama mdogo atapata mtoto wake mwingine. Nimekunywa dawa ya kujaribu, ni tamu. Chiriku.*

Umeona anavyotunga? Mimi nadhani hilo basi ni la kuja kwako kambini, na kitanda cha chuma ni kile ulichomsimulia kwamba unalalia. Na hiyo ya mimi kupata mtoto, nimeona haya mbele ya binti wa miaka sita. Dawa ni maji ya sukari wanayochezea na mapacha.

Ameniomba kitu kimoja: Jumamosi nisilifunge komeo la mlango wa bati, kwa sababu Shwari siku hiyo atakuja kwa mlangoni kama watu, haya imemwisha. Nimemkubalia. Nimesubiri mwezi mzima huyo Shwari aingie ndani ya nyumba yangu. Nilihisi ni mimi ninayefunguliwa.

Wako daima,
Mkeo


Kambini, Jumapili, 3 Machi

Mke wangu,

Dereva amenipa barua yako saa hii. Nimemuuliza alikuachaje. Anasema alikukuta barabarani na furushi la magauni, akakupa yangu, ukampa yako, akakuacha umesimama mbele ya fundi baiskeli unaifungua. Hajui zaidi ya hapo. Nimemuuliza tena na tena mpaka mpishi amenishika mkono.

Naandika nikijua kwamba Jumamosi imeshapita. Neno lolote nitakaloliweka hapa limechelewa. Msimamizi amenipa ruhusa lakini lori linageuka Jumanne, na hakuna gari jingine. Nimepanda kilima. Simu yako haipatikani. Nimeshuka, nimepanda tena.

Barua hii huenda nikaja nayo mwenyewe mfukoni. Naandika kwa sababu mikono yangu haina cha kushika.

Kama yupo, mshike. Kama hayupo, usijifungie ndani peke yako, kaa na Mama Mapacha. Mimi ndiye niliyesema mkaribishe. Likumbuke hilo kabla hujaanza kujilaumu, kwa sababu nakujua.

Mumeo


Jumatatu, 4 Machi

Mume wangu,

Yupo. Nalitanguliza hilo. Amelala hapa karibu yangu, anapumua vizuri, nimemwekea mkono mgongoni huku naandika. Barua hii anaibeba dereva wa gari la vipuri, ameahidi kutolala njiani. Simu yangu iliangukia mtaroni nikikimbia.

Barua yako nilianza kuisoma nikicheka, pale kwa fundi baiskeli. Nilipofika penye kiuno nikaacha kucheka. Sikufika mwisho. Nilimtupia fundi lile furushi la magauni nikakimbia.

Nyumbani, mlango wa bati ulikuwa wazi. Mama Mapacha alikuwa kwake, anawaogesha wanawe. Akaniambia kwa utulivu kabisa, “Si umerudi ukamchukua? Nimekuona mgongo.” Nikavuta pipa. Nyuma yake matofali mawili yametolewa na kusimamishwa pembeni vizuri, na tundu lililobaki linamtosha mtoto kupita. Nikaingiza kichwa. Ni chumba cha mtu. Kimefagiwa. Kuna jiko, ndoo, na sahani zangu tatu nilizodhani nimezipoteza. Na ukutani, nisamehe kwa kukuandikia hili, picha ya mtoto wa kike aliyevaa nguo za shule, na chini yake nguo zile zile, zimepigwa pasi.

Nilirudi mbio kwa fundi baiskeli. Nikamuuliza kama amemwona mwanamke mwenye gauni la bluu la majani meupe pamoja na mtoto.

Akanitazama kama mtu anayetaniwa. “Shemeji, si wewe? Nikadhani ulikimbilia kubadili nguo. Mmepita sasa hivi mmevaa sare, mnaelekea stendi. Nimekusalimia kwa nyuma hukuitika, nikajua leo umeamka vibaya.”

Mimi ndiye niliyemshonea, mume wangu. Nilimpa umbo langu na kitambaa changu, na mtaa mzima ukamwona amembeba mtoto ukasema ni mama yake.

Fundi alinipakia kwenye baiskeli ya mteja. Stendini basi moja lilikuwa limeshawashwa. Niliwaona kupitia kioo, bluu mbili, siti ya nyuma. Nikapanda. Chiriku alikuwa amelala begani kwake mdomo wazi. Mwanamke ni wa rika langu, ana uso mzuri uliochoka. Na gauni, Mungu anisamehe, lilikuwa limemkaa. Hata wakati ule jicho langu liliona kwamba limemkaa.

Nikasema huyu mtoto ni wangu. Abiria wakageuka. Kanga ilikuwa imenichomoka, nyuzi kichwani, pini bado ziko kifuani. Yeye ametulia. Akawaambia, wala si kwa sauti kubwa, “Mtazameni, nguo zetu sare. Huyu dada ni fundi wetu.”

Na ilikuwa kweli. Ningesema nini? Kwamba mshono ni wangu? Ameshasema ni wangu. Mama mmoja akaniambia niache kuwatia watu mikosi asubuhi, kama nadai kazi yangu nidai kwa ustaarabu. Kondakta akanishika kiwiko anishushe. Nikamwambia amwamshe mtoto, amuulize yeye. Akamtikisa. Chiriku akafumbua macho nusu, yakawa yanateleza kama ya mlevi. Kondakta akamuuliza nani mama yake. Akanitazama mimi, akamtazama yeye. Vidole vyake vilikuwa ndani ya mkono wa yule mwanamke.

Sijawahi kuumia hivyo.

Yule mwanamke akainama, akamwita kwa upole amwambie kondakta. Lakini alimwita kwa jina jingine. Jina la yule wa kwenye picha.

Chiriku akatikisa kichwa. “Siyo mimi,” akasema, ulimi mzito. “Huyo ni mwenye kitanda. Huyo alikufa.”

Abiria wote wakamgeukia yeye. Dereva akazima injini.

Yule mwanamke hakupiga kelele. Alimkumbatia tu, na haikuwezekana kumbandua, mpaka wanaume wawili walipomfungua kidole kimoja kimoja. Mkononi mwa Chiriku kuna alama hadi leo. Ndani ya kikapu chake kulikuwa na chupa za dawa ya usingizi aliyokuwa akipewa mwanawe alipougua, moja imeshafika nusu. Muuguzi wa zahanati alimtapisha mtoto, akatukalisha kutwa. Aliniambia safari ile ni ndefu, na mtoto angeongezewa kila anapoamka, na kwamba mwili wa umri ule hauvumilii.

Polisi wamempata kaka yake, amekuja kumchukua ampeleke hospitali. Anasema tangu msiba amekuwa akihama chumba hadi chumba, popote panaposikika sauti ya mtoto.

Namchukia mpaka usingizi unanipaa. Na kisha namkumbuka akila chakula changu gizani, na wimbo wake bado nauimba. Sijui niyaweke wapi haya mawili.

Njoo.

Mkeo


Kambini, 19 Machi

Mke wangu,

Nimefika salama. Tundu nililiziba kwa mikono yangu lakini naota bado liko wazi.

Sikuweza kulisema hili nilipokuwa hapo, kwa hiyo naliandika kama mwoga. Siku zote nilizokaa nyumbani nilimwona Chiriku anavyokupita. Hakuiti. Ukimpa chakula anageuza uso. Nilimsikia akimuuliza Mama Mapacha ni lini utaondoka ili Shwari arudi. Nawe ulilisikia, ulikuwa mlangoni, ukajifanya unatafuta mkasi.

Mama amesikia yote, yuko tayari kuja kumchukua wiki hii. Anasema mtoto akae kwake mpaka asahau. Sikulaumu kwa lolote, na mtu akikulaumu mbele yangu tutakosana. Lakini wewe ni bibi harusi, hukuolewa ili uchukiwe ndani ya nyumba yako. Sema neno moja tu, nimjibu mama. Ukisema aende, hatakwenda kwa aibu yako. Ukisema abaki, ujue anaweza kuchukua miaka.

Nakupenda. Sijui kuliandika kama wewe, lakini lipo.

Mumeo


27 Machi

Mume wangu, roho yangu,

Ilipofika barua yako niliiweka chini ya cherehani nikashona juu yake mchana mzima. Nilikuwa karibu kusema aende. Nakuambia ukweli kwa sababu wewe ndiye mtu wangu. Nilishajitungia na sababu nzuri: hewa ya kwa bibi, kuku, nafasi ya kukimbia.

Leo baada ya shule alinikuta namkatia sketi. Akasimama mlangoni. Nikamuuliza anataka nini. Akasema anataka gauni lake la bluu. Nikamwambia gauni lile nimelichoma moto, na ni kweli, nililichoma siku ulipoondoka.

Alipasuka, mpenzi. Sijawahi kuona kitu kama kile. Alinyakua kopo langu la pini akalirusha ukutani, pini zikatawanyika chumba chote. Akaniambia mimi ni mbaya, mimi ni mwizi, nimemfukuza Shwari kwa wivu, sura yangu kama pasi, na shati la baba yake nilirudishe. Alipiga miguu. Aliniambia ananichukia mpaka angani. Mke wa mwashi alikuwa amekuja kupimwa, akasimama mikono juu nusu ya kipimo, asijue aishushe.

Nilimsubiri aishiwe pumzi. Kisha nikapiga magoti nikamwambia yote, kwa maneno ya kawaida. Kwamba Shwari alikuwa mtu wa kweli. Kwamba alimpenda kweli. Kwamba mtoto wake alikufa na akili yake ikaumia, na kwa sababu ya kuumia huko alimpa dawa ambayo ingeweza kumuua. Kwamba harudi, na kwamba niliyemzuia ni mimi, na ningemzuia tena.

Akafikiri. “Hata nikikuchukia?”

“Hata ukinichukia.”

“Kila siku?”

“Hiyo ni juu yako. Mimi nitakuwa hapa hapa nashona.”

Hakunikumbatia, usije ukadhani. Alifuta pua kwa kitambaa cha mteja. Na hapo, mume wangu, mimi ambaye tangu nimeingia nyumba hii sijathubutu kumkemea kwa kuogopa asinipende, nilijikuta nimenyoosha kidole. Nikamwambia kopo limerushwa na nani? Basi mrushaji ataziokota, zote, na ndala avae kwanza asijichome. Akabisha kwamba ni nyingi. Nikamwambia najua. Akasema bibi yake hampi kazi kama hizi. Nikamwambia bibi yake hajawahi kurushiwa pini.

Yuko sakafuni sasa hivi ninavyokuandikia. Ananung'unika. Kila akiokota chache ananiuliza kama zimeisha, namwambia bado kule chini ya meza, anapiga kelele za kuchoka, anatambaa tena. Sauti yake imejaa nyumba nzima, sijui hata cherehani nitaisikiaje.

Kwa hiyo mwambie mama mkwe namshukuru sana, namsalimu kwa heshima zote, lakini asije kumchukua. Kuna mtoto hapa ana adhabu hajaimaliza.

Mkeo